Helmeti Kumi na Moja Zilizokaliwa

Mtunza stoo wa saiti ile alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mfupi, mwenye sauti iliyoweza kumfikia mtu ghorofa ya tano bila msaada wa simu wala upepo. Wote walimwita Mama Stoo. Hata mumewe, aliyekuwa fundi nondo palepale, alimwita hivyo tangu asubuhi mpaka king'ora cha jioni. Wakishavuka geti kurudi nyumbani ndipo anapomwita mke wangu. Kabla ya hapo, akitaka koleo au waya wa kufungia nondo, anapanga foleni kama wengine, na akichelewa kurudisha anasemwa kama wengine, au kuzidi kidogo, kwa sababu huyo anajulikana anakolala.

Stoo hakuipata kwa kupendwa. Alibeba maji ya kuchanganyia zege miaka sita mpaka shingo ikagoma. Akapika saiti nyingine, akaacha, maana mafundi wanakula kama waliotoka kifungoni na kukosoa kama majaji. Halafu siku moja mtunza stoo wa zamani akahama, na msimamizi akawa ameshagundua kwamba yule mbeba maji wa zamani anaweza kutupia jicho rundo la misumari, akakuambia imepungua mingapi na iko mfuko wa nani. Akapewa funguo, meza yenye mguu mmoja wa kuazima, na daftari.

Getini palikuwa na ubao mkubwa wa kijani: SIKU BILA AJALI. Chini yake zilitundikwa tarakimu za bati, na kila asubuhi mlinzi alipanda kistuli na kuzibadilisha kwa heshima kama anayepandisha bendera. Alhamisi ile zilisomeka mia moja na themanini. Zikifika mia mbili, makao makuu walishaahidi, kila mfanyakazi anapata godoro.

Na haikuwa ahadi ya mdomo. Magodoro sitini yalikuwa yameshafika, yamefungwa nailoni, yamepangwa stoo mpaka yanagusa dari, na Mama Stoo alifanya kazi kwenye upenyo uliobaki. Mafundi walikuwa wanapita kuyasalimia. Mwingine aliingia kuomba msumari mmoja, akabonyeza godoro kwa kidole, akaguna, akatoka bila msumari. Fundi nondo alishachagua lake: la tatu kutoka juu, upande wa dirisha. Alikuwa na sababu. Godoro la nyumbani kwao lilikuwa limebonyea katikati kiasi kwamba wakigombana yeye na mkewe, wakalala kila mtu ukingo wake wamenuna, baada ya saa moja wanajikuta wamepatana kwa mteremko tu.

Sasa, sharti la godoro lilikuwa siku mia mbili bila ajali. Watu sitini walipolisikia, hawakuelewa kwamba wasiumie. Walielewa kwamba wasiseme.

Seremala aliyechomwa na msumari unyayoni alipita uchochoro wa nyuma kwenda zahanati, akamwambia muuguzi ameumia akicheza mpira. Mtu wa miaka hamsini na tano, kitambi mbele, winga. Mpiga plasta aliyeteleza kwenye ngazi alifunga mkono kwa shali la mkewe akasema ni baridi. Na msimamizi, jamaa mrefu waliyemwita Simu Mbili kwa sababu alikuwa nazo na zote hulia kwa pamoja, alipita katikati ya vilema wake akisema, "Safi sana, vijana. Siku zinakwenda."

Kitu kimoja hakikuweza kudanganya. Helmeti. Mtu akipasua helmeti lazima aje kwa Mama Stoo kupewa nyingine, na kwenye daftari kulikuwa na safu ya kuandika sababu. Tangu mvua zianze zilikuwa zimeletwa kumi, na safu ile ilisomeka hivi kuanzia juu mpaka chini: imekaliwa, imekaliwa, imekaliwa, imekaliwa.

"Hebu niambie," alimuuliza wa kumi, mbeba zege mmoja mwembamba kama fito. "Hayo makalio yenu yamejengwa kwa nondo ya ngapi?"

"Mama Stoo, na wewe. Niliiweka chini, nikajisahau."

"Ukaikalia ikapasuka juu, ndani ikabaki nzima?"

Mbeba zege akatazama magodoro kana kwamba yangemsaidia kujibu. "Nipe nyingine, mama. Kazi inaningoja."

Alimpa. Lakini iliyopasuka hakuitupa. Mtunza stoo hatupi kitu. Akaisukuma chini ya meza pamoja na zenzake tisa.

Alhamisi hiyo, karibu na saa tisa, foleni ikamleta mumewe. Alikuwa na helmeti mkononi, ufa umeanzia utosini umeshuka mpaka ukingoni, na vumbi la zege limemjaa kwenye kope. Akaiweka mezani.

"Nimeikalia," akasema.

Mama Stoo akaiangalia helmeti, akamwangalia mwenyewe. Kwenye paji la uso la mumewe, pale ukanda wa ndani unapobana, palikuwa na mstari mwekundu uliovimba.

"Uliikalia ukiwa umeivaa?"

Nyuma yake watu wakacheka. Mama Stoo hakucheka. Akaandika kumi na moja, akampa helmeti mpya, na safari hii neno imekaliwa lilitoka limepinda kama limeandikwa ndani ya lori.

Jioni, mezani, alimwekea chakula halafu akaweka kiganja juu ya sahani.

"Sema kwanza."

"Mke wangu, kitapoa."

"Wewe ulikaribia kupoa leo. Sema."

Fundi nondo akajaribu kuivuta sahani. Watoto wakamtazama, vijiko hewani. Mwishowe akamwaga yote. Ni winchi. Ile mashine iliyo nyuma ya jengo, inayovuta ndoo ya zege kwa waya mpaka juu. Breki yake inateleza. Ndoo ikifika katikati inashuka ghafla, mita nzima, halafu inashika kwa kishindo, na kila ikishtuka inarusha kokoto na mabonge kwa waliopo chini. Leo bonge lilimpata yeye. Lile lilikuwa saizi ya ngumi.

"Na siku ndoo yenyewe isiposhika?"

Akainua mabega. "Zimebaki siku ishirini."

"Siku ishirini za nini?"

"Godoro."

Mama Stoo akaondoa kiganja juu ya sahani. "Kula," akasema. "Na huyo mtu wa kulalia hilo godoro tutamtafuta wapi?"

Kesho yake, Ijumaa, alimfuata Simu Mbili. Ilibidi amsubiri, maana alikuwa mahali pake pa kila siku, chini kabisa ya mnara wa winchi, simu moja sikio hili na nyingine sikio lile. Pale ndipo mtandao ulikuwa mzuri.

"Msimamizi, breki ya winchi inateleza."

"Nani amesema?"

"Helmeti kumi na moja."

"Mama Stoo, tusichoshane. Ajali ni mtu kuumia. Kuna aliyeumia? Hakuna. Basi hakuna ajali, na ubao unasema kweli." Simu ikalia, akaiziba kwa kidole gumba. "Na kitu kingine. Ukiurudisha ubao ule sifuri, familia sitini zitakujua kwa jina. Kazi yako ni kutoa na kupokea. Toa, pokea."

Mama Stoo akaenda kwa mwendesha winchi, mtu mzima, mpole, aliyeitwa Mzee Taratibu. Yule hata hakungoja aulizwe. Alisogeza mguu, akamwonyesha kabari ya mbao iliyochomekwa kati ya ngoma ya waya na fremu, imelainika kwa grisi ikang'aa.

"Mama, hii ndiyo breki," akasema. "Ile nyingine ni pambo."

"Sasa mbona hukusema, mzee wangu?"

"Saiti niliyotoka nilisema. Kesho yake nikakuta mtu mwingine kwenye kiti changu, na kiti chenyewe hakijapoa. Nina wajukuu wanne ndani ya nyumba." Akairudisha kabari kwa kuigonga na nyundo, taratibu, kama anayemlaza mtoto. "Wakisema wengine, nitasema. Peke yangu, hapana."

Hilo ndilo lililomkaa Mama Stoo kichwani Jumamosi nzima na Jumapili. Kila mtu anajua, na kila mtu anamngoja mwenzake. Alimnyooshea mumewe nguo za kazi akiwa na hasira nazo. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu alikuwa ameshafungua stoo.

Jumatatu ndiyo siku ya injinia. Alikuwa binti wa miaka ishirini na tisa kutoka makao makuu, mwenye buti zenye tope kuliko za mafundi, na tabia mbaya ya kufika mapema. Ubao ulisoma mia moja themanini na nne. Foleni ilijipanga mbele ya dirisha la stoo kama kawaida, watu wanapiga miayo, wanataniana. Wa kwanza alikuwa yule mbeba zege mwembamba. Jumamosi kila mtu huacha helmeti yake stoo, kwa hiyo alinyoosha mkono tu bila kutazama. Akapokea, akavaa, mwanga wa jua ukamwingia machoni kupitia utosini.

"Mama Stoo! Hii si imepasuka?"

"Ndiyo. Ni yako. Namba yako hiyo."

"Nilishakurudishia hii!"

"Na mimi nimekurudishia. Kwani ilipatwa na nini? Ilikaliwa tu. Kitu cha kukaliwa kichwani hakina shida. Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa seremala. Akapewa yake. Wa tatu akapewa yake, mpaka zote kumi na moja zikatoka. Foleni ikaacha kusogea. Wenye helmeti nzima wakaanza kulalamika nyuma, wenye za nyufa wamezishika mikononi kama watu waliopewa vichwa vya samaki, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuivaa.

Simu Mbili akaja mbio. "Mama Stoo, umerogwa? Toa helmeti!"

"Natoa. Hawavai."

"Kwa nini foleni haiendi?" Hiyo ilikuwa sauti ya injinia. Alikuwa amesimama nyuma yao, daftari kwapani.

"Mambo madogo ya stoo, injinia," akasema Simu Mbili, na kwa mara ya kwanza simu zake zote mbili zilikuwa mfukoni.

"Kuna watu kumi na mmoja hawataki helmeti zao," akasema Mama Stoo. "Daftari linasema walizikalia. Nimewauliza kama ni salama kuzivaa, wamepatwa na ububu. Labda wewe watakujibu, mwanangu, mimi wamenizoea."

Injinia akaichukua helmeti ya mbeba zege, akaiinua juani, akapitisha kucha kwenye ufa. "Hii ilipigwa kutoka juu," akasema. "Ilikuwa kichwani mwa nani?"

Watu sitini wanaangalia viatu. Mlinzi kule getini alikuwa ameshuka kwenye kistuli. Mama Stoo alijua vizuri: wasiposema sasa hivi, hawatasema tena, na yeye kesho atakuwa anatafuta kazi huku mumewe amesimama chini ya ile ndoo. Hakumtazama. Alijikaza asimtazame. Akimtazama, itakuwa ni mke amemsukuma mumewe, na saiti nzima itacheka ikarudi kazini.

"Sikuikalia."

Ilikuwa sauti ndogo, katikati ya foleni.

"Nani?" akauliza injinia.

Fundi nondo akatoka kwenye mstari. Shingo imemwiva. "Mimi. Sikuikalia. Ilikuwa hapa," akajipiga utosini. "Bonge la zege, kutoka kwenye ndoo. Alhamisi."

"Godoro hilo!" mtu akanung'unika nyuma. "Limekwenda."

"Limekwenda, ndiyo," fundi nondo akamgeukia. "Na wewe ndiye ulinishika mkono nilipoyumba. Sema hukunishika."

Yule wa nyuma akasogea mbele. "Nilikushika," akasema. Halafu, kama mtu aliyefunguliwa mkanda, akaongeza, "Na mimi yangu sikuikalia. Ni ile ya wiki mbili zilizopita."

"Mimi pia sikuikalia," akasema mbeba zege.

Seremala akanyanyua mkono wake na kitambi chake pamoja. "Sikuikalia. Na mpira sichezi. Sijawahi kucheza mpira maishani mwangu!"

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka. Walicheka mpaka mwingine akakaa chini, na katikati ya kicheko mikono ikawa inapanda, huyu ngazi, huyu msumari, huyu waya wa umeme unaolala kwenye dimbwi, huyu ubao wa jukwaa uliooza, wanakatizana kama watu waliokosa hadhira miezi sita. Injinia alikuwa anaandika amekunja ulimi. Mzee Taratibu alingoja mpaka watulie. Akaja mbele, akaiweka ile kabari mezani kwa Mama Stoo, nyeusi, inateleza.

"Winchi yangu haina breki," akasema. "Nilijua na nilikaa kimya. Mkinifukuza, sawa. Lakini mkaangalie kwanza."

"Leo hapa hafukuzwi mtu kwa kusema," akasema injinia. "Zima umeme wa winchi."

Makanika wa saiti aliifungua breki mbele ya watu wote. Pedi zilikuwa zimekwisha, zimebaki kama kucha, na chuma kilikuwa kimesuguana na chuma mpaka kikawa buluu. Alizionyesha kwa bisibisi. Simu Mbili alisogea karibu akatazama breki. Halafu akainua macho akaufuata waya mpaka ilipo ndoo, akayashusha tena moja kwa moja mpaka chini, kwenye kile kipande cha ardhi kilichokuwa na alama za viatu vyake mwenyewe, pale penye mtandao mzuri. Simu moja ikalia mfukoni, ikachoka. Kisha akatembea hadi getini, akapanda kistuli, na kwa mikono yake akang'oa moja, akang'oa nane, akang'oa nne.

Haikuwa raha yote. Jumatano lori lilikuja kuchukua magodoro, maana kwa makao makuu ahadi ni ahadi na sharti ni sharti. Yalipakiwa moja moja, na wanaume wazima walisimama kando wamevua helmeti kama wanaosindikiza maiti, mpaka Mama Stoo akawafokea wazivae. Fundi nondo alilipungia mkono la tatu kutoka juu. Siku mbili zilizofuata kuna waliopita dirishani bila kumsalimia mtunza stoo, wakachukua vifaa kwa kunyoosha vidole. Na winchi ikiwa imezimwa wanasubiri vipuri, zege lilipanda ghorofa ya tano kwa ndoo za mkono, ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ililaaniwa.

Lakini injinia alikuwa ameng'oa ule ubao wa kijani na kuweka mwingine, mtupu, wenye kichwa kimoja: TULIYOYAONA JANA. Kila asubuhi kabla ya foleni yeyote anasema lililomtisha, linaandikwa, na jina la atakayelirekebisha linaandikwa pembeni. Tena yeyote akiona hatari anainua mkono, kazi inasimama, haulizwi cheo. Siku ya kwanza alisema Mzee Taratibu peke yake. Ya pili wakasema watatu, mmoja wao analalamikia mlango wa choo. Ya nne, mpiga plasta akasema kuna mtu anatembea saitini akiongea na simu mbili, hana sikio lililobaki la kusikia akiambiwa akae chonjo. Simu Mbili akachukua chaki, akaliandika mwenyewe, na pembeni yake akaandika jina lake.

Siku ya sita mama mmoja mbeba maji, ambaye tangu aajiriwe hakuna aliyemsikia akisema zaidi ya pisha, aliinua mkono katikati ya kumwaga zege. Mafundi wote juu wakasimama. Simu Mbili akafungua kinywa, akakumbuka, akakifunga, akapanda kuangalia. Ubao wa jukwaa ulikuwa haujafungwa upande mmoja. Aliusukuma kwa mguu ukacheza kama jino la mtoto. Alishuka akasema, "Asante, mama," na yule mama akasimama wima kana kwamba debe lililoko kichwani limegeuka taji. Siku ile waliokuwa wamemnunia Mama Stoo walianza kurudisha salamu. Wa kwanza alikuwa yule aliyenung'unika kuhusu godoro.

Jumanne ya pili winchi ilirudishiwa breki mpya. Saiti nzima ilitoka kuangalia. Walifunga kamba kuzunguka mnara, hatua kumi kila upande, asiingie mtu. Mzee Taratibu aliijaza ndoo mpaka pomoni, akaivuta hadi usawa wa ghorofa ya tatu, pale ilipokuwa ikiteleza, akavuta mkono wa breki na kuachia kila kitu. Akainua viganja vyake viwili juu ili wote waone havijashika kitu.

Ndoo ilining'inia. Haikushuka hata unene wa uzi. Watu wakahesabu kwa sauti, kumi, ishirini, hamsini, na ilipofika mia kelele zilizopigwa zilifukuza ndege kwenye paa la jirani. Seremala alimkumbatia makanika. Mzee Taratibu alifuta macho kwa mkono wa shati akisingizia vumbi.

Fundi nondo naye furaha ilimpanda. Akaruka kamba, akaanza kutembea kifua mbele kuelekea chini ya ndoo, amenyoosha mikono, kuonyesha ulimwengu kwamba sasa ni salama.

Mama Stoo aliliona hilo akiwa dirishani pake. Akajaza mapafu. Sauti ile ya ghorofa ya tano ilikuwa imeshafika kooni.

"TOKA HAPO!"

Haikuwa yake. Ilikuwa ya watu hamsini na tisa kwa mkupuo, mafundi, wabeba zege, mlinzi, mama mbeba maji ameinua mkono, injinia, na Simu Mbili kwa sauti kuwashinda wote. Fundi nondo alishtuka akaruka nyuma, akanaswa na kamba, akakaa chini pwaa kwenye tope, na watu watatu wakamkokota nje ya mstari huku wanamtolea uvivu kwa zamu.

Mama Stoo alibaki na pumzi yake yote kifuani, haina kazi. Akaitoa polepole. Akavuta daftari, akafungua ukurasa mpya, akapaza sauti ya kawaida kabisa:

"Anayefuata."